Ukurasa wa Mtamba na Programu Inayobisha Hodi: Risala ya Wafugaji wa Tushikamane

Mgeni rasmi, Mama Hosiana Kaduma, Meneja wa Mfuko wa Ubunifu Vijijini;
Mheshimiwa Diwani wetu;
Mchungaji wa usharika uliotuazima ukumbi huu;
Wafugaji wenzetu, wazazi na majirani:

Kamwene. Bwana asifiwe.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuja. Tunajua barabara ya kutoka Njombe hadi hapa Makambako ilikuwa na ukungu asubuhi hii, na tunajua ungeweza kumtuma mwakilishi na tusingelalamika. Umekuja mwenyewe, tena umefika kabla ya wakati, ukatukuta bado tunapanga viti. Ulipoona tumeona haya, ulishika viti viwili ukavipanga pamoja nasi. Sentensi hii imeongezwa kwa kalamu pembeni, maana haikuwemo risala ilipochapwa.

Aliyepewa kazi ya kusoma ni katibu wa kikundi. Si mzoefu wa kipaza sauti, na wanachama wanamjua. Wamemwambia asome polepole, na akikwama watapiga makofi mpaka apate pumzi. Kwa hiyo ukisikia makofi mahali yasipostahili, tunaomba usishangae.

SISI NI NANI

Sisi ni Kikundi cha Wafugaji wa Maziwa Tushikamane. Tulianza wafugaji kumi na wanne, leo tuko sitini na watatu, na arobaini na mmoja kati yetu ni akina mama. Tunatoka hapa Makambako, Mdandu, na vijiji vilivyo kando ya barabara ya kwenda Njombe. Wengi wetu tuna ng'ombe mmoja. Mwenye watatu tunamwita tajiri, naye hakatai.

Mgeni rasmi, ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, na hazai mpaka ashike mimba. Madume mazuri kwetu ni machache, kwa hiyo tunategemea uhimilishaji: mtaalamu anakuja na mbegu zilizohifadhiwa kwenye mtungi wa baridi kali, anampandisha ng'ombe zizini, anaondoka. Katibu aliona haya kuyaandika mambo haya kwa ajili ya mgeni mkubwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Ebeneza Mtewele, akamwambia, "Andika, mwanangu. Hata chai ya mgeni rasmi ina maziwa."

Basi tunaandika. Ng'ombe anayehitaji kupandishwa huonyesha dalili kwa muda mfupi sana. Analia, hatulii, hali vizuri, anapanda wenzake. Ukiona asubuhi, apandishwe jioni ile ile. Ukiona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Ukichelewa, dalili zinakwisha, na unasubiri siku kama ishirini na moja ndipo ujaribu tena. Kwa hiyo kazi yetu yote inategemea habari moja ndogo imfikie mtu mmoja siku ile ile.

Mtu huyo ni Ndugu Vitus Ngailo, mhimilishaji wetu, anayekaa hapa Makambako. Msaidizi wake, Ndugu Danford, yuko upande wa Njombe. Wawili hao ndio tunaowaita.

TULIKOTOKA

Zamani tuliita kwa kitambaa. Mama akiona dalili, alifunga kipande cha kitenge kwenye mkono wa ndoo ya maziwa. Kijana wa pikipiki anayekusanya maziwa alikiona, akakifikisha kwenye kituo cha maziwa, na Vitus akajua ndoo ile ni ya nani. Ilikuwa njia nzuri, ila maziwa yanakusanywa asubuhi tu. Dalili zikianza saa nne, kitambaa kinangoja kesho, na ng'ombe hangoji.

Watu wengi hutuuliza, kwa nini msimpigie simu tu? Tulipiga. Vitus akiwa kwenye pikipiki hasikii, akiwa zizini mikono yake haiwezi kushika simu, na wakipiga watu tisa, anakumbuka watatu. Yeye mwenyewe alisema, "Jina nitalikumbuka, kijiji nitakikumbuka, lakini nitasahau kama ni asubuhi au jioni, na hapo ndipo ndama alipo."

Katibu wetu alikuwa anamaliza masomo ya kompyuta chuoni, Njombe, na alitakiwa kufanya kazi ya mwisho. Wenzake walitengeneza mifumo ya hoteli. Yeye alitengeneza ukurasa mmoja wa mtandaoni, akauita Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Mfugaji anaufungua kwenye kivinjari cha simu yake, anachagua jina lake na kijiji, anagusa "Nimeona asubuhi" au "Nimeona jioni", basi. Hakuna kupakua kitu wala kujaza nafasi ya simu. Ukurasa ule ni kama ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kijiji. Kukiwa na kosa, unafuta na kuandika upya mara moja, na kila apitaye anasoma jipya.

Lakini ubao hautembei. Vitus alitakiwa kuufuata. Akipata nafasi ya kufungua saa tano, anakuta wito wa saa moja. Akisahau kufungua mpaka jioni, anakuta wito uliokwisha kufa. Tulijaribu ukurasa wenyewe utume arifa, lakini simu yake, kwa kubana chaji, ilikuwa inakilaza kivinjari, na arifa zikawa zinaingia kwa makundi anapokiamsha. Alisema, "Ukurasa wenu ni mwanafunzi mzuri, hasemi mpaka aulizwe."

MFUKO ULIPOTUSHIKA MKONO

Mgeni rasmi, hapo ndipo ulipotukuta. Mwaka jana mlitutembelea, mkakaa kwenye benchi la kituo cha maziwa, mkasikiliza mpaka mwisho. Mlilipia wataalamu watusaidie kutengeneza programu ya simu iliyo kamili, inayopakuliwa na kukaa ndani ya simu yenyewe. Katibu wetu aliitwa akae nao miezi miwili na nusu ajifunze. Hakuwahi kuombwa maoni na watu wengi namna ile. Mliwaambia wale wataalamu, "Muulizeni yeye, ndiye anayewajua ng'ombe." Alirudi nyumbani akawasimulia wazazi wake maneno hayo, na baba yake huwasimulia majirani mpaka leo.

Programu hiyo inabisha hodi. Vitus akiwa ameweka simu mfukoni, inatetemeka na kutoa mlio wa kengele ya ng'ombe. Hata mtandao ukikatika njiani, ukirudi tu, wito unaingia. Inamwonyesha nani, wapi, asubuhi au jioni, na nyumba ipi aanzie ili asirudie njia. Hayo ukurasa haukuyaweza.

MAFANIKIO

Tangu majaribio yaanze mwezi Machi, miito mia moja na kumi na minane imetumwa. Kati ya hiyo, mia moja na tisa ilifikiwa kwa wakati. Wakati wa kitambaa, tulikuwa tukifika kwa wakati nusu tu, nayo nusu ya kukadiria. Hapa Makambako na Mdandu tunao ng'ombe hamsini na wawili wenye mimba zilizopimwa. Mama mmoja alimwambia katibu, "Mimi nilikuwa namwangalia ng'ombe wangu na kumwomba Mungu. Sasa namwangalia ng'ombe, nagusa simu, halafu namwomba Mungu. Ni hatua."

Tunashukuru pia kwa simu mbili mlizowapa Vitus na Danford, na kwa makoti ya mvua. Baridi ya mwezi huu wa Juni unaifahamu, Mgeni rasmi. Asante sana.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mlituambia tusifiche kitu. Tuna mambo matatu, na la tatu ni gumu kwetu kulisema.

La kwanza ni wingi wa arifa. Programu ilipoanza ilipewa uwezo wa kutuma jumbe nyingine pia: elimu ya ufugaji, salamu, na habari za Mfuko. Nia ilikuwa njema na sisi tulifurahi. Lakini katika wiki moja ya Aprili, simu ya Danford ilipokea arifa arobaini na tatu, na kati ya hizo, wito wa ng'ombe ulikuwa mmoja. Zote zililia kengele ile ile. Mke wake, Eveline, alikuwa anapakua chakula simu ilipolia mara ya nne.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mambo ya ng'ombe."

Eveline akaichukua simu akasoma kwa sauti. "'Mbona kimya siku mbili? Tumekukumbuka.' Danford, ng'ombe gani huyu anayekukumbuka?"

Danford alieleza mpaka ugali ukapoa. Siku ile ile akazima arifa zote za programu apate amani nyumbani, na kwa siku mbili hakusikia wito wowote. Tunamshukuru Eveline kwa kuturuhusu kulisoma hili hapa. Alisema tulisome, ila tuseme pia kwamba chakula kilikuwa kizuri.

La pili ni nafasi kwenye simu. Wanachama wetu wengi wana simu za tachi walizoachiwa na watoto wao. Programu haiingii mpaka kitu kingine kitoke. Katibu alikwenda Mdandu kumsaidia Mama Emerensiana Mwinami, ambaye ni mjane, na ana ng'ombe mmoja aitwaye Faraja. Walikaa jikoni wakaifungua simu pamoja.

"Mama, imejaa. Tufute video hata mbili."

"Hizo ni za mazishi ya baba yenu."

"Na hizi?"

"Hizo ni za kabla ya mazishi. Hapo anacheka."

"Basi tufute picha zinazojirudia."

Mama Emerensiana akazitazama moja moja, picha sita za marehemu Mzee Joackim akiwa amesimama na Faraja, siku aliyomnunua akiwa bado mtamba mdogo. Akasema, "Hazijirudii, mwanangu. Hapa amefumba macho, hapa amefumbua." Kisha akamrudishia katibu simu. "Achana na hiyo programu yenu. Mimi nitatumia ukurasa."

Katibu aliachana nayo. Wapo wanachama ishirini na saba walio kama Mama Emerensiana, kila mmoja kwa sababu yake. Wanaita kwa ukurasa, na wito wao unaingia kwenye programu ya Vitus sawasawa na wa wengine.

KOSA LETU LA JUMAPILI YA MAVUNO

La tatu ni kosa letu wenyewe.

Mwezi Aprili, Vitus alilalamika kwamba akiwasha simu baada ya kuchaji, anagongewa kengele za wito wa juzi ambao amekwisha kuushughulikia. Tulikaa kikao tukakubaliana kila arifa ipewe umri. Isipomfikia ndani ya muda wa saa mbili, ife isimsumbue. Tulidhani mtu anayefanya kazi hawezi kukaa na simu iliyozimwa zaidi ya muda huo. Katibu akaandika namba hiyo kwenye mfumo.

Hakuna hata mmoja wetu, Mgeni rasmi, aliyekumbuka kanisa. Na sote tulikuwa Walutheri mle kikaoni.

Jumapili ya tarehe mosi mwezi huu ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Vitus ni mzee wa kanisa. Saa mbili na nusu asubuhi alizima simu mlangoni, kama anavyowaagiza wengine wazime. Saa tatu kasoro dakika kumi, huko Mdandu, Faraja alianza kulia. Mama Emerensiana alikuwa amekwisha kuvaa vitenge vya sikukuu. Alivivua, akabaki nyumbani, akafungua ukurasa na kugusa "Nimeona asubuhi". Wito ukaondoka.

Ibada ya Mavuno unaijua. Kwaya zilikuwa tano. Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka nje ya kanisa: mahindi, viazi, mayai, kuku, na lile boga ambalo kila anayelinunua analirudisha linadiwe tena. Vitus ndiye aliyekuwa ananadi. Alipowasha simu ilikuwa saa nane na nusu mchana. Simu ilikaa kimya. Akaona leo hakuna wito, akashukuru, akaenda nyumbani na jogoo aliyemnunua. Wito wa Mama Emerensiana ulikuwa umekufa kabla kwaya ya nne haijaimba.

Mgeni rasmi, Mama Emerensiana alikuwa na namba ya Vitus. Hakupiga. Kesho yake tulimuuliza sababu. Alisema, "Kumpigia mzee wa kanisa akiwa ibadani? Na mchana nikasema, mashine imekwisha kumwambia. Nikimpigia nitaonekana simwamini." Alikaa na Faraja amefungwa kwenye nguzo mpaka giza likaingia.

Vitus alipopata habari Jumatatu asubuhi alipanda pikipiki bila kunywa chai. Mwenyekiti na katibu walimfuata. Walimkuta Mama Emerensiana anafagia uwanja, na Faraja ametulia, anacheua.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mzee wa kanisa. Nasikia jana mnada ulichangamka."

"Ulichangamka, mama."

"Ulinunua nini?"

"Jogoo."

"Basi mle taratibu. Huyo jogoo amekula ndama wangu."

Vitus alimletea yule jogoo jioni ile ile. Mama alimpokea, akamfungua kamba, akamrudisha. Alisema jogoo hana deni na yeye, wala Vitus hana. Aliongeza kwamba Vitus asiendeshe pikipiki bila kunywa chai, maana akianguka, nani atakuja?

Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu Faraja alikuwa amekwisha kupandishwa mara mbili bila kushika, na ile Jumapili ilikuwa nafasi ya tatu. Ana zaidi ya mwaka tangu azae, na maziwa yake yamekauka. Shemeji wa Mama Emerensiana, ambaye ndiye anayemletea majani na pumba, amesema kwa upole kabisa kwamba hawezi kuendelea kulisha ng'ombe asiye na maziwa wala mimba. Wamekubaliana kusubiri mara moja tu zaidi. Akishindikana, Faraja ataletwa hapa Makambako, machinjioni. Shemeji si mtu mbaya. Ana ng'ombe wake na watoto wake.

Katika kikao kilichofuata, katibu alisimama kusema kwamba kosa ni lake, maana namba aliiandika yeye. Alikuwa na barua mkononi ya kuachia nafasi yake. Mzee Ebeneza hakuipokea. Aliuliza, "Nani alikuwepo siku tunakubaliana umri wa arifa?" Mikono ikainuka yote. "Na nani kati yenu aliuliza habari ya Jumapili?" Mikono yote ikashuka. "Basi kaa chini, mwanangu. Risala ikiandikwa, utaandika tulikosea."

Tulikosea.

TULICHOREKEBISHA

Sasa wito haufi. Unakaa mpaka Vitus aguse "Nimeona". Asipogusa ndani ya saa moja, unakwenda kwa Danford. Na aliyeita anaona kwenye simu yake maneno haya: "Vitus ameona, anakuja jioni." Asipoyaona, ukurasa wenyewe unamwambia, "Piga simu, hata kama ni ibadani." Maneno hayo ya mwisho tuliyaandika baada ya Mchungaji kuturuhusu, naye yuko hapa ni shahidi.

Katika kurekebisha tuliona tofauti ya vyombo hivi viwili. Upande wa ukurasa, katibu alibadilisha Jumanne jioni, na Jumatano asubuhi kila mfugaji aliyefungua alikuta jipya bila kufanya lolote. Upande wa programu, kitufe cha "Nimeona" kilihitaji kila mmoja apakue upya, na wapo wanachama tisa ambao mpaka leo wana ile ya zamani, kwa kukosa bando au kwa kuogopa kugusa. Ni kama sare ya kwaya. Ukitaka kubadilisha kola, kila mwanakwaya lazima arudi kwa fundi.

Hatusemi programu ni mbaya. Bila hiyo Vitus asingesikia miito mia moja na tisa. Tunachosema ni kwamba anayeita na anayeitwa hawana haja moja. Anayeita anahitaji mlango ulio wazi kwa simu yoyote, hata iliyojaa. Anayeitwa anahitaji mlango unaogongwa. Mama Emerensiana haimfai kengele, na Vitus haumfai ubao. Tumekwisha kujaribu kumpa kila mmoja cha mwenzake, na tumekueleza kilichotokea.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, leo umekuja kuizindua programu rasmi, na tunafurahi. Katika barua ya uzinduzi tumesoma kwamba kuanzia tarehe thelathini mwezi huu ukurasa utafungwa, ili wote wahamie kwenye programu. Tunaelewa sababu. Kutunza vitu viwili ni kazi mara mbili, na mmekwisha kutufanyia mengi.

Hata hivyo, kwa heshima na unyenyekevu, tunaomba ukurasa usifungwe. Katibu wetu amejitolea kuutunza yeye mwenyewe, bila malipo, jioni baada ya kazi. Tunachohitaji kwenu ni ruhusa tu, na njia ya wito kuendelea kuingia kwenye programu kama unavyoingia sasa. Tarehe thelathini iko wiki moja mbele yetu, na wanachama ishirini na saba wanatuuliza kila siku wataita kwa njia gani.

Tunaomba pia kengele ya ng'ombe ibaki kuwa ya wito peke yake. Habari za Mfuko tunazipenda na tutazisoma. Zikae ndani ya programu kimya, tutazifuata wenyewe tukiwa tumetulia. Eveline ametuomba tulikazie hili.

Na tunaomba, mkipata nafasi, mje na mtu wa kuwafundisha wanachama wetu kwa vitendo namna ya kupakua upya. Tutampikia.

Ombi la mwisho halikuwemo kwenye rasimu tuliyowaletea ofisini kwenu. Limeongezwa asubuhi hii.

Ng'ombe akikosa kupandishwa, dalili hurudi kati ya siku ya kumi na nane na ya ishirini na nne. Tangu Jumapili ya Mavuno, leo Jumatatu ni siku ya ishirini na mbili, na Faraja bado hajaonyesha kitu. Ndiyo maana kile kiti cha mbele, cha tatu kutoka kwa Mheshimiwa Diwani, hakina mtu. Ni cha Mama Emerensiana. Yeye ndiye aliyechaguliwa kukupa mkono kwa niaba ya akina mama, na amekuombea msamaha. Ametuma salamu kwamba anakushukuru kwa mambo yote, na kwamba yuko zizini tangu alfajiri, ameketi kwenye kigoda, simu imechajiwa na ukurasa umefunguliwa.

Mshereheshaji alitutangazia tuzime simu kwa heshima yako, nasi tumezima. Lakini Ndugu Vitus Ngailo amekaa pale kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango. Mtungi wake umejazwa, na pikipiki yake imegeuziwa barabarani. Tunakuomba, Mgeni rasmi, umruhusu yeye peke yake asizime simu yake. Kengele ikilia ukiwa unahutubia, ataondoka bila kuaga. Tafadhali usikatize hotuba yako kwa ajili yake, sisi tutaendelea kukusikiliza. Na ikiwa itapendeza, utuvumilie dakika moja tupige makofi, maana tutajua anakwenda wapi.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ulituchukua tukiwa na kitambaa kwenye ndoo, hukutucheka. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, aibariki kazi ya mikono yako na nyumba yako, na mifugo ya wote waliomo humu izae salama.

Ni sisi wako,
Wanachama wa Kikundi cha Wafugaji wa Maziwa Tushikamane,
Makambako na Mdandu.

Imesomwa kwa niaba yao na Anneth Nyagawa, Katibu.